Herufi za Andati Zilianza Kunywea

Jawahir, mwenye duka, hakumkaripia Andati. Alivuka barabara, akasimama mbele ya duka la simu lililokuwa ng'ambo, kisha akampungia mkono aje asimame pale pale.

"Tazama kutoka hapa, fundi," alisema. "Usitazame ukiwa juu ya ngazi. Tazama kama mteja anayepita."

Andati alitazama. Ukuta wa duka la Jawahir ulikuwa mweupe, na rangi ya samawati aliyoipaka asubuhi hiyo bado ilikuwa mbichi. MAPAZIA NA MAZULIA. M ya kwanza ilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. A iliyofuata ilipungua kidogo. P ikapungua tena. Kufikia A ya mwisho, herufi ilikuwa ndogo kama kiganja, imejikunyata kana kwamba ukuta ulikuwa umekwisha. Na ukuta haukuwa umekwisha. Nafasi iliyobaki ilitosha kuandika neno lingine zima.

Kilichomtisha si herufi zenyewe. Kilichomtisha ni kwamba alipokuwa juu ya ngazi alikuwa akiziona zote sawa.

"Nitarudia," alisema haraka. "Jua lilikuwa linanipiga machoni."

"Jua liko nyuma ya jengo, mzee."

Mkono wake wa kulia ulikuwa umening'inia ubavuni. Kidole gumba kilikuwa kikisugua kidole cha shahada, kinakwenda na kurudi, kama mtu anayefinyanga tonge la ugali lisiloonekana. Aliona Jawahir anautazama. Akautia mfukoni, na humo mfukoni mkono ukaendelea na kazi yake.

Andati alikuwa na miaka hamsini na tisa, na thelathini na minne kati ya hiyo alikuwa amekula kwa brashi. Aliishi Jericho, katika nyumba ya kaunti aliyoachiwa na mjomba wake, na ukizunguka mtaa huo ungekutana na mkono wake kila kona: ng'ombe wa buchari, kichwa cha kinyozi, jina la kanisa, onyo la kutokojoa ukutani. Hakutumia rula wala kamba. Alisimama mbele ya ukuta mtupu, akafumba jicho moja, akaanza. Mabango ya kuchapishwa kwa mashine yalipoingia mjini yaliwamaliza wenzake wengi, lakini yeye alibaki na wateja wake, hasa Eastleigh, ambako wenye maduka walipenda maandishi yasiyopasuka kwa upepo.

Ugonjwa haukumwingia kwa kishindo. Ulimwingia kama mgeni anayehamisha vitu vyake kimoja kimoja. Kwanza pua. Siku moja maharagwe yaliungua jikoni, moshi ukajaa nyumba, mkewe Nasike akaja mbio kutoka bombani na kumkuta amekaa kando ya jiko anasoma gazeti. Hakuwa amesikia harufu yoyote. Akajiambia ni thina. Miaka yote hiyo ya kuyeyusha rangi imeimaliza pua. Kisha ukaja usingizi wa vita. Alikuwa akiota mbwa wanamkimbiza, na mateke aliyowapiga mbwa yakawa yanaishia kwenye miguu ya Nasike, hadi mama wa watu akahamia kwenye kochi. Kisha uso. Watu wakawa wanamwuliza, "Mzee, umenuna nini?" Naye hakuwa amenuna. Uso tu ndio ulioacha kuufuata moyo wake.

Halafu mkono. Na pamoja na mkono, kule kutotulia. Alikuwa akiketi, anainuka. Anakwenda sokoni, anarudi bila kitu. Anafungua redio, anaifunga, anatoka nje kutazama kama mvua itanyesha, anaingia tena.

"Baba Triza, keti basi!" Nasike alikuwa akimwambia. Triza ni binti yao, aliyeolewa Kitale.

"Nimeketi."

"Umeketi umesimama."

Kanisani ndiko mambo yalikoharibika. Jumapili ya meza ya Bwana, kikombe kidogo kilimtoka mkononi, divai ikamwagikia kanzu nyeupe ya kasisi. Wiki iliyofuata alisikia minong'ono nyuma yake, na neno lililorudi mara kwa mara lilikuwa pombe. Andati hakuwa ameonja pombe tangu harusi yake. Aliacha kwenda kanisani. Nyumbani akawa halali vizuri, na alfajiri moja, akiwa amefumba macho, alimsikia Nasike akichukua koti lake kwenye msumari na kulinusa. Andati aligeukia ukutani.

Basi pale Eastleigh, Jawahir alipomwambia neno, lilimkuta na mengi moyoni.

"Mzee Andati," alianza kwa sauti ya chini, "nikuambie jambo bila kukukosea heshima?"

"Sema, Mama Leyla." Alimwita hivyo kwa jina la binti mkubwa wa Jawahir.

"Baba yangu, Mzee Muse, aliuza vitambaa katika jengo hili hili. Mkono wake ulianza hivyo. Tulimsomea Kurani, tukamfukiza ubani, kila mtu akasema ni jini. Tulipokuja kumfikisha kwa daktari wa neva, miaka minne ilikuwa imekwenda, hawezi hata kujigeuza kitandani."

"Mimi silewi," alisema Andati. Hakuulizwa hilo, lakini ndilo lililotoka.

"Najua hulewi. Nimekutazama tangu asubuhi. Ukishika brashi mkono unatulia. Ukiuacha upumzike ndipo unaanza. Mtu wa pombe hatetemeki hivyo. Niko na namba ya daktari, ni mama mmoja anaitwa Mukami, ndiye aliye..."

"Mimi si baba yako."

Alijutia maneno hayo yalipokuwa bado mdomoni, lakini yalikwisha kutoka. Jawahir alirudisha simu yake ndani ya mkoba polepole. Andati aliacha ngazi, aliacha makopo, akashika njia.

Alikuwa amefika katikati ya First Avenue miguu ilipokwama.

Haikuuma. Haikuchoka. Ilikataa tu, kana kwamba nyayo zimegandishwa na lami. Kiwiliwili kilitaka kwenda mbele, kikawa kinainama, na miguu ikabaki pale. Magari yalipiga honi pande zote. Mkokoteni uliojaa marobota ulikuwa ukimjia, na mwenye kuusukuma akapaza sauti:

"Mzae, toka njiani! Songa! Unataka tukuzoe?"

Andati alitaka kumjibu kwamba angetoka kama angeweza, lakini hata sauti ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya sanduku. Msukumaji aliusimamisha mkokoteni kwa kutumbukiza matairi kwenye shimo, na ubao mmoja ukachomoka chini ya marobota, ukaanguka na kulala mbele ya viatu vyake. Aliutazama ule ubao. Mguu wa kulia ukainuka wenyewe, ukauruka. Wa kushoto ukafuata. Akatembea hadi ng'ambo kama mtu ambaye hakuwa na shida yoyote, akaegemea ukuta wa duka la viatu, na hapo ndipo hofu ilipomfikia.

Jioni hiyo Nasike alikuwa akichambua kunde mlangoni. Andati aliketi kando yake, akainuka, akaketi tena.

"Mama Triza," alisema, "nipeleke hospitali."

Ilibidi ampigie Jawahir simu kuomba ile namba, na kabla ya kuiomba ilibidi aombe radhi. Jawahir alimkatiza. "Mzee, baba yangu alinitusi kuliko ulivyonitusi wewe. Andika namba."

Daktari Mukami alikuwa na umri wa kuwa binti yake, mwenye viatu vya raba na sauti isiyo na haraka. Alimwambia afungue na kufumba kiganja mara kumi. Alimwambia atembee hadi mlangoni na kurudi. Alisimama nyuma yake akamvuta mabega ghafla, na Andati akarudi nyuma hatua tano kabla ya kudakwa. Kisha akampa kalamu aandike sentensi moja mara nne. Aliandika: Mimi ni Andati wa Jericho. Ya nne ilikuwa kama mstari wa sisimizi.

"Harufu unasikia?" aliuliza daktari.

"Hapana. Miaka mingi."

"Choo kinakupa shida?"

Andati alimtazama mkewe, akakubali.

"Usingizini unapiga mateke?"

"Mimi nalala kwenye kochi," alijibu Nasike.

Andati alihisi kama daktari huyu amekuwa akiishi nyumbani kwao bila wao kujua. Na alipotaja jina la ugonjwa, Parkinson, jina lenyewe halikumwambia kitu. Aliuliza kama ni damu, kama ni kiharusi, kama ni mtu aliyemroga.

"Si mtu," alisema Daktari Mukami. Alisogeza kiti chake kikawa karibu nao. "Nitawaeleza polepole. Ndani ya seli za neva kuna protini za kila aina, kila moja na kazi yake. Moja inaitwa alfa-sinukleini. Inakaa zaidi kwenye ncha ya neva, pale ambapo seli moja inapitisha ujumbe kwa seli nyingine. Ikiwa sawa, ni kama uzi mlegevu. Kwa mtu mwenye ugonjwa huu inaanza kujikunja vibaya. Iliyojikunja vibaya inaishika nyingine, na hiyo nayo inajikunja vivyo hivyo. Mwishowe zinashikana, zinakuwa mabonge."

"Kama uji uliokorogwa vibaya," alisema Nasike.

"Kama uji, mama. Ila bonge la uji utaliponda kwa mwiko. Haya, seli inajaribu kuyavunja na kuyatupa, inashindwa."

"Yanafanya nini sasa hayo mabonge?" Andati aliuliza. Goti lake lilikuwa likirukaruka chini ya meza.

"Kwenye ile ncha kuna vifuko vidogo sana, vimejaa kemikali inayoitwa dopamini. Ubongo ukitaka mwili uende vizuri, vifuko vinasogea ukingoni, vinafunguka, dopamini inavuka upenyo, na seli ya pili inaipokea. Ujumbe umefika. Mabonge yakianza kujazana, vifuko havisogei inavyotakiwa. Vinafunguka vichache. Na njia iliyo ndani ya neva, ile inayosafirisha mahitaji kutoka katikati ya seli hadi ncha, nayo inaziba. Ujumbe unaovuka unakuwa hafifu. Seli ikikaa hivyo muda mrefu, inakufa. Na inaonekana bonge linaweza kupita kwa seli jirani na kuanza mambo yale yale huko."

Andati aliutoa mkono wake mfukoni, akauweka mezani. Ukaanza.

"Kwa hiyo huu mkono hauna ubaya?"

"Mkono ni mzima. Misuli ni mizima. Ubongo unaagiza herufi kubwa, lakini agizo linafika limepunguzwa."

"Na mimi nikiwa pale juu naziona kubwa."

"Ndiyo. Hata kipimo cha mwendo wako mwenyewe kinapotoka. Ndiyo maana hukuona."

Hilo lilimgusa kuliko yote. Alijaribu kufikiria kitu kilicho kichwani mwake mwenyewe kikimdanganya kuhusu ukubwa wa A.

"Ilianza lini?" aliuliza Nasike.

"Pengine miaka kumi nyuma, au zaidi. Pua na usingizi ndivyo vilivyotangulia. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya zile seli za dopamini imekwisha kwenda."

"Ni rangi? Ni thina?" aliuliza Andati.

"Siwezi kukuambia hivyo. Zipo kemikali zinazoshukiwa, sumu za kuulia wadudu na baadhi ya viyeyusho. Lakini kwa mtu mmoja, kusema ni hiki na si kile, ningekuwa nakudanganya."

"Na dawa inayayeyusha hayo mabonge?"

Daktari alitikisa kichwa. "Bado. Watafiti wanaitafuta, haijapatikana. Dawa nitakayokupa inaleta malighafi ya dopamini, ili ujumbe uvuke vizuri zaidi. Utapata nafuu kubwa. Lakini mabonge yataendelea, taratibu. Sitakuficha."

Walitoka wakakaa kwenye benchi la korido. Nasike alikuwa akilia bila sauti, anajipangusa kwa ncha ya leso.

"Nilinusa koti lako," alisema.

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa macho."

Nasike aliinamisha kichwa, na Andati akamshika bega kwa mkono wa kushoto, ule uliokuwa bado unamtii.

Wiki ya kwanza vidonge vilimletea kichefuchefu tu. Wiki ya pili, asubuhi moja, alifunga vifungo vyote vya shati kabla ya Nasike kugeuka kutoka kwenye birika. Walitazamana. Akavifungua vyote, akavifunga tena, na uso wake, ule uliokuwa umekufa ganzi, ukatabasamu nusu. Siku hiyo alitembea Jericho nzima. Alipanga makopo yaliyobaki nyumbani, akaosha brashi zilizokuwa safi, akampigia Jawahir simu mara tatu kumwambia jambo lile lile: anakuja kuurudia ukuta.

Haraka hiyo nusura imharibie. Daktari alikuwa amemwambia anywe kidonge nusu saa kabla ya kula, na awe mwangalifu na vyakula vyenye protini nyingi, kwa sababu vinagombea njia moja na dawa katika kupita tumboni na kuingia ubongoni. Andati, kwa kuona anachelewa, alikimeza kidonge pamoja na sahani ya maharagwe na nyama sokoni, akapanda gari kwenda Eastleigh. Alipofika dukani, miguu ilikuwa mizito kama magunia na mkono ulikuwa unacheza ngoma yake.

Jawahir alimketisha juu ya zulia lililoviringishwa, katikati ya wateja. Hata pale hakuweza kutulia. Alisogeza mguu huu, akausogeza ule, akaegemea, akajiegemua. Jawahir akaleta kikombe cha chai ya maziwa yenye iliki.

"Ahsante, Mama Leyla, lakini maziwa ni protini. Yatazidi kupigana na dawa."

"Basi ya rangi."

"Ya rangi nitakunywa."

Akamweleza alichoambiwa na daktari, mabonge na vifuko na upenyo. Jawahir alisikiliza hadi mwisho, mteja mmoja akiwa amengoja na kitambaa mkononi. "Kwa hiyo protini kichwani inakuua," alisema, "na protini ya maharagwe inazuia dawa."

"Na mimi ndiye niliyekuwa nalilia nyama kila Jumapili," alijibu Andati. Wakacheka wote wawili. Alikuwa hajacheka kwa sauti tangu mvua za mwaka uliopita.

"Baba hakuelezwa haya," Jawahir alisema baadaye. "Au alielezwa na sisi hatukusikia."

Saa moja na nusu ilipita kabla mwili haujafunguka. Jawahir alikuwa amezifuta zile herufi za kwanza kwa rangi nyeupe na kuificha ngazi stoo. Alimwambia wazi kwamba hataki mtu afie ukutani kwake, kwamba jina litaandikwa chini, usawa wa kifua, au halitaandikwa kabisa. Andati alibisha, kisha akakubali. Na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na minne, alichukua kamba yenye vumbi la chaki, akaivuta kutoka pembe hadi pembe, akaichapa ukutani. Mstari wa juu. Mstari wa chini. Daktari alikuwa amemwambia kwamba jicho likiwa na mstari wa kufuata, ubongo unapata njia nyingine ya kuuambia mkono uende umbali gani.

Aibu ilimpanda alipoiona ile mistari. Akaangalia kushoto na kulia kama kuna fundi mwenzake anayepita. Kisha akachovya brashi.

Kila herufi ilikuwa ugomvi. Mkono ulitaka kuishia katikati, naye akausukuma hadi uguse mstari. Gusa juu. Gusa chini. Ilimchukua siku mbili kazi ya asubuhi moja, na mara nne alisimamisha kila kitu na kukaa, akingoja kidonge kingine kishike. Alipomaliza alivuka barabara polepole, Jawahir akiwa amemshika kiwiko, akatazama kama mteja anayepita. Z ilikuwa na mkono mmoja uliotetemeka, ungeweza kuona. Lakini herufi ya kwanza na ya mwisho zilikuwa na kimo kimoja. Jawahir alipiga picha. Andati alikuwa akijua kwamba ukuta mkubwa kama huo hatauandika tena, na alitaka kuutazama kidogo.

Nyumbani kulikuwa na tatizo jingine. Miguu ilikuwa ikikwama mlangoni pa chumba cha kulala na kwenye kona ya kwenda bombani. Nasike alikuwa akiweka mwiko sakafuni ili auruke, lakini Nasike hakuwepo nyumbani kila saa. Basi Jumamosi moja Andati alichukua rangi ya manjano iliyobaki, akapiga magoti, na akachora mistari ya kukata njia, kila hatua mstari mmoja, kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni kupitia korido ya nje hadi bombani.

Jirani yake Wakiuru, mwuza nguo za mitumba, alitoka na ndoo akasimama.

"Baba Triza, hii mistari yote ni ya nini? Mnatuwekea reli?"

Alikuwa ameandaa uongo. Alitaka kusema ni ya watoto kuchezea. Mpaka hapo watu wa mtaa walikuwa wakijua tu kwamba mzee haendi kanisani na mkono wake unakaa mfukoni. Lakini alikuwa amepiga magoti, brashi mkononi, amechoka, na uongo ulimshinda uzito.

"Ni ya miguu yangu," alisema. "Nina ugonjwa wa Parkinson. Ubongo hautumi ujumbe sawa sawa. Nikiwa na mstari wa kuruka, natembea."

Alingoja acheke, au aseme pole na kuingia ndani. Wakiuru aliweka ndoo chini.

"Miguu inashikwa na ardhi?"

"Ndiyo."

"Na uso unakuwa kama wa mtu aliyekasirika? Na sauti inakwenda chini?"

"Nani alikuambia?"

"Ndugu yangu Ng'ang'a, huko Dandora. Alikuwa mwashi. Sasa ni mwaka wa pili yuko kwenye kiti. Tumemwombea hadi magoti yakachubuka. Wengine wanasema alichukua kitu cha mtu mahali pa mjengo, na ndicho kinamfunga." Alijipangusa mikono kwa kanga. "Mimi pia nimewahi kumwambia, kama kuna kitu ulichukua, kirudishe."

Siku mbili baadaye walikwenda, Andati, Nasike na Wakiuru. Ng'ang'a aliishi katika chumba cha kwanza cha ploti ya binti yake Shirleen, mwenye duka dogo la vipuri mbele. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono ya saruji, ameketi wima kama aliyesahauliwa. Macho peke yake ndiyo yaliyowafuata walipoingia.

Andati hakujua aanze wapi. Alitembea chumbani, akaenda dirishani, akarudi. Hatimaye aliketi mbele ya yule mtu, akautoa mkono wake wa kulia mfukoni, akauacha juu ya goti lake ufanye unavyotaka. Ng'ang'a aliutazama muda mrefu.

"Wewe pia," alisema. Sauti ilikuwa ya kunong'ona.

"Mimi pia. Na wewe, labda. Mimi si daktari. Huenda una huu wangu, huenda una mwingine, hilo ataliamua mwenye ujuzi. Lakini simama tuone."

Shirleen na shangazi yake Wakiuru walimwinua. Akasimama, akainama mbele, miguu ikabaki. Andati alitoa chaki, akapiga magoti kwa taabu, akachora mstari mmoja mbele ya vidole vya miguu ya Ng'ang'a, mwingine mbele ya huo, na mwingine, hadi kizingitini.

"Usinitazame mimi. Usiitazame miguu. Tazama mstari, uuruke."

Kwa muda hakuna kilichotokea. Redio ya dukani ilikuwa ikiimba. Kisha mguu wa Ng'ang'a ukainuka, ukavuka. Na wa pili. Mstari wa nne ulimshinda, akayumba, Shirleen akamdaka, akapumua, akaendelea. Alipofika mlangoni alishika mwimo kwa mikono miwili, na jua likampiga usoni. Wakiuru alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga.

"Inaisha?" Ng'ang'a aliuliza bila kugeuka.

Andati alitamani kumdanganya. Alikuwa na maneno tayari, yale ambayo yeye mwenyewe alikuwa ametaka kuyasikia.

"Haiishi," alisema. "Dawa inasaidia, siku nyingine vizuri, siku nyingine kidogo. Lakini hukuiba kitu cha mtu. Hilo nakuambia kwa uhakika."

Mabega ya Ng'ang'a yalishuka, na Shirleen, aliyekuwa nyuma yake, akaweka paji la uso kwenye mgongo wa baba yake. Baadaye Wakiuru alipiga simu kwa Daktari Mukami akiwa amesimama uani, akapewa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Wakati wa kurudi, dawa ilimwishia Andati njiani. Alihisi mwili ukifungwa hatua kwa hatua, na Nasike akamwona. Alimketisha kwenye benchi la kibanda cha matunda, akatoa kidonge kwenye mkoba, akampa na maji. Wakangoja. Miguu ya Andati ilikuwa ikisugua vumbi, mmoja, wa pili, mmoja, wa pili.

"Alhamisi nitakwenda nao," alisema. "Yule Shirleen hajui maswali ya kuuliza. Nitamwandikia. Hapana, utamwandikia wewe. Na tumwambie asimpe nyama na dawa pamoja. Tulimwambia?"

"Ulimwambia mara tatu."

"Na ngazi. Huko kwake kuna ngazi mbili za mlangoni, nimeziona, zinahitaji rangi kwenye ukingo." Aliegemea, akajiegemua. "Mama Triza, hayo mabonge yanakwenda sasa hivi, unajua? Hata tukiwa tumeketi hapa."

"Najua," alisema Nasike. Alichukua ndizi moja kutoka kwa mwenye kibanda, akaimenya nusu, akaishika bila kuila. "Uko tayari twende?"

Andati alijaribu mguu wa kulia. Ukasogea kidogo, ukasimama.

"Bado."

Wakaendelea kungoja.